Hazadi

Madereva wa Migori na Homa Bay wana majina ya taa yasiyohitaji mkalimani: fulu, dimu, indiketa, taa ya breki, taa ya rivasi. Linalonisumbua ni hazadi. Ni kile kitufe chekundu chenye pembetatu kwenye dashibodi. Ukikibonyeza, indiketa zote zinawaka na kuzima pamoja. Maana yake: gari limekwama au limekuwa kizuizi, jihadharini. Trekta la miwa likiharibika usiku karibu na Awendo, hiyo ndiyo taa yake.

Lakini wapo wanaoiwasha kusema "naenda moja kwa moja". Fikiria makutano ya Rongo. Gari linatoka Migori kwenda Kisii, hazadi zinawaka. Mwenye bodaboda anayetokea barabara ya Homa Bay anaiona indiketa ya kushoto tu. Ya kulia imezibwa na mwili wa gari. Anaamini linakata kushoto, naye anaingia barabarani. Hatari hiyo inaletwa na taa iliyokusudiwa kuizuia! Anayenyoosha njia hahitaji kuwasha indiketa yoyote, na mvua ikizidi, awashe dimu, si hazadi.