Korasi: wakati gita moja inasikika kama tatu

Korasi ni efe inayochukua sauti ya gita, inaitolea nakala, inaichelewesha kidogo sana (karibu milisekunde 20 mpaka 30), kisha inazipiga zote mbili pamoja. Kuchelewa huko kunaongezeka na kupunguka bila kusimama, na hapo nakala inapanda na kushuka kidogo katika noti. Sikio linadanganyika, linafikiri wapigaji ni wengi. Ni sawa na kwaya: waimbaji kumi hawatamki silabi kwa wakati mmoja kabisa, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inajaza kanisa. Tusiichanganye na korasi ya wimbo, yaani kiitikio.

Kampuni ya Roland ya Japani ilitoa ampli JC-120 mwaka 1975 ikiwa na efe hiyo ndani. Mwaka 1976 ikafuata pedali Boss CE-1.

Lakini muziki wetu ulikuwa na wingi huo mbele ya pedali. OK Jazz ya Franco ilianza 1956, na katika orkestra za namna hiyo wingi ulitoka kwenye mikono ya watu: solo, mi-solo na akompa, kila gita na njia yake. Ndiyo maana naona orkestra yenye magita matatu haihitaji korasi nyingi. Kwenye sebene noti zinakimbia. Ukizidisha efe zinaingiliana, vidole havisikiki tena. Inafaa zaidi kikundi kidogo cha Kadutu ao Bagira chenye gita moja tu, kwenye nyimbo za polepole. Angalia vifungo viwili, mwendo na kina. Weka vyote chini, ongeza kina mpaka uisikie, kisha rudisha nyuma kidogo. Besi iache kavu, juu inapoteza uzito.

Mu studio, omba gita irekodiwe kavu, korasi itiwe nyuma kwenye kompyuta. Ikisharekodiwa pamoja na gita, haitoki tena. Feza ya pedali ikikosekana, rekodi sehemu ileile mara mbili: tofauti ndogo za mkono zitafanya kazi hiyo bure.

Na kwa wanaoleta nyimbo redioni: korasi ya stereo ni tamu kwenye bafle mbili, lakini redio ndogo ya spika moja inaunganisha pande zote, na upande mmoja unaweza kufuta sehemu ya mwingine. Gita inakonda. Mbele ya kuleta wimbo, usikilize kwanza kwenye simu ya spika moja.