Umri wa mwili: Kwa nini Wamarekani Weusi huzeeka mapema?

Watu wawili waliozaliwa mwaka mmoja wanaweza kuwa na miili ya umri tofauti. Mmoja kitambulisho chake kinasema miaka 55, lakini moyo, figo na mishipa yake ni kama ya mtu aliyepita 60. Wataalamu huuita umri huu wa pili umri wa kibayolojia. Nchini Marekani, kipimo hiki kinasaidia kueleza kwa nini Watu Weusi huugua maradhi ya uzeeni mapema kuliko Wazungu.

Hoja ilivyoanza

Mwaka 1992, mtafiti Arline Geronimus wa Chuo Kikuu cha Michigan alieleza jambo lililomshangaza. Kwa akina mama Wazungu, watoto wachanga walikuwa na hali bora mama akizaa katika miaka ya ishirini kuliko akizaa akiwa kigoli. Kwa akina mama Weusi ilikuwa kinyume. Hoja yake ni kwamba ubaguzi, dhiki na wasiwasi wa kila siku huuchakaza mwili, mfano wa mashua inayopigwa na jua na chumvi miaka nenda miaka rudi bila kupandishwa pwani ikatiwa kalafati.

Unavyopimwa

Njia ya kwanza ni kuunganisha vipimo vya kawaida vya hospitali: shinikizo la damu, sukari, kolesteroli, utendaji wa figo na kadhalika. Mwaka 2006, Geronimus na wenzake walitumia vipimo 10 vya namna hii. Walikuta alama za Watu Weusi zinakaribiana na za Wazungu waliowazidi umri kwa miaka 10. Umaskini peke yake haukueleza tofauti hiyo, kwani hata wanawake Weusi wasio maskini walikuwa na hali mbaya kuliko wanawake Wazungu maskini.

Njia ya pili husoma alama za kemikali zinazokaa juu ya DNA na kubadilika kadiri mtu anavyozeeka. Steve Horvath alitoa "saa" ya namna hii mwaka 2013, akitumia sehemu 353 za DNA. Saa hiyo ilitengenezwa kukisia miaka ya kuzaliwa. Zilizofuata, kama GrimAge ya 2019, hulenga kukisia hatari ya kifo.

Mtego wa uzeeni

Mwaka 2014, Morgan Levine na Eileen Crimmins walikuta wastani wa umri wa kibayolojia wa Weusi ni miaka 53.16, na wa Wazungu 49.84. Pengo lilipanuka hadi miaka ya sitini, kisha likapungua.

Je, ubaguzi huisha mtu akizeeka? La. Waliochakaa zaidi wameshakufa, na waliobaki ni wale wenye miili imara. Anayewapima wazee wa miaka 80 peke yao atadhani mambo ni sawa, kumbe makaburi hayahesabiwi.

Kwa nini ni muhimu

Bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, Medicare, kwa wengi huanza wakiwa na miaka 65. Kwao sheria huhesabu miaka ya kuzaliwa. Aliyechakaa akiwa na 55 huenda akasubiri miaka 10, na wengine hawafiki.

Vipimo hivi havisemi kwamba damu ya Mtu Mweusi ni dhaifu. Rangi ni mgawanyo uliowekwa na jamii; kinachopimwa ni alama ambazo maisha yameacha mwilini.

Nasi wa Pwani tuwe na tahadhari. Baadhi ya saa hizi zilitengenezwa kwa damu ya watu ambao wengi wao wana asili ya Ulaya, kwa hiyo hazifai kutumiwa kwetu kabla ya kujaribiwa kwetu. Lakini shinikizo la damu na sukari hupimika leo katika zahanati iliyo karibu. Mzee asisubiri kuanguka ndipo apelekwe kupimwa.