Dola kumi za wakili

Mimi ni karani wa wakili, na wateja huanza na ada kabla hata ya kusema jeraha. Wamarekani walilimaliza suala hilo la ada kwa sheria. Mwaka 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, Bunge lao liliamua kwamba anayemshughulikia askari mlemavu madai ya pensheni asitoze zaidi ya dola 5; mwaka 1864 zikawa 10. Waliwaogopa mawakala walafi, wala si bure. Lakini zaidi ya karne moja baadaye kikomo kilikuwa bado dola hizo 10! Mwaka 1985 Mahakama ya Juu bado ilizibariki, na mimi kwa bei hiyo nisingefungua hata jalada. Sheria ya 1988 ndiyo iliyolegeza kamba, tena kwa rufaa tu, ikaanzisha pia mahakama ya askari wa zamani.