Kikomo cha maombi: Jinsi ya kukusanya data za mitandao ya kijamii bila kufungiwa mlango

Mtafiti anayetaka kufuatilia yanayosemwa mitandaoni kuhusu Dranya, Koboko au Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, hawezi kusoma kila chapisho kwa macho yake. Huandika programu inayoomba data kupitia API, yaani mlango rasmi ambao kampuni ya mtandao huwafungulia watu wa nje. Mlango huo una bawabu: idadi maalumu ya maombi kwa muda maalumu.

Kwa nini kuna kikomo?

Kikomo huzuia mwombaji mmoja kuielemea mitambo inayotegemewa na wengi. Sababu nyingine ni biashara: Februari 2023, Twitter, ambayo sasa ni X, ilitangaza kusitisha matumizi ya bure ya API yake.

Hesabu ya mgao

Mgao wa kawaida wa YouTube ni yuniti 10,000 kwa siku. Kutafuta kwa neno hugharimu yuniti 100, hivyo ni utafutaji 100 tu. Kusoma maelezo ya video ambayo namba yake inajulikana hugharimu yuniti 1. Mwenye busara hutafuta mara chache, huhifadhi namba za video, kisha hurudi kwa hizo. Mgao hufanywa upya saa sita usiku ya California, ambayo kwa Uganda ni saa nne au saa tano asubuhi, kutegemea majira.

Ukifika kikomo

X na mitandao mingine mingi humjibu aliyevuka kikomo kwa namba 429. Majibu ya X huonyesha pia maombi yaliyobaki na wakati wa kuanza upya. Programu nzuri husoma taarifa hizo na kusubiri. Isipopewa muda, huongeza subira maradufu kila inapokataliwa. Huhifadhi pia alama ya ukurasa iliofikia, ili umeme ukikatika isianze mwanzo. Kufungua akaunti nyingi ili kukwepa kikomo ni kuvunja masharti, na kunaweza kufuta ruhusa yote.

Nani husahaulika?

Mgao ukianza na Kiingereza, unaweza kwisha kabla ya kufika kwenye Kilugbara, Kikakwa au Kinubi, na tahadhari ya ugonjwa iliyoandikwa kwa lugha hizo isionekane. Ni heri lugha zenye machapisho machache zitangulie.

Kuna pengo jingine. Uganda ilizuia mitandao ya kijamii siku mbili kabla ya uchaguzi wa Januari 14, 2021, na Facebook ikaendelea kufungwa baada ya hapo. Wanaotumia VPN huweza kuonekana kana kwamba wako nchi nyingine.

Kwa hiyo ripoti yoyote inapaswa kutaja maneno yaliyotafutwa, saa za ukusanyaji na mahali kikomo kilipokatiza kazi. Data zikikosekana, haina maana kwamba watu wa Dranya walikaa kimya.