Akhlaki na Dini: Hoja Kutoka Kibaoni

Wanazuoni wa Kiislamu walikwisha kuhitilafiana zamani katika kadhia ya uhusiano wa akhlaki na dini, Muutazila wakishika kwamba akili ya mwanadamu hutambua jema na baya hata kabla ya kufikiwa na sharia, na Maashaari wakijibu kwamba jema ni lile lililoamrishwa na baya ni lile lililokatazwa. Hoja zao zapasa kupimwa hata Kibaoni, katika nchi ya Wapimbwe, kwenye njia itokayo Mpanda kwenda Sumbawanga, ambako Wakristo, Waislamu na watambikao mizimu huuziana mpunga na mahindi.

Wakati wa mavuno mlanguzi hulijaza gunia hadi mdomoni, akaliongezea kilemba juu yake, akakishonea kwa kamba, kisha akalipa bei ya gunia moja tu. Hiyo ndiyo lumbesa, iliyopigwa marufuku na serikali, na mkulima aliyefanyiwa hivyo hujua kuwa amedhulumiwa, awe anaswali, anasali au anatambika. Kurani na Biblia zote zinakemea vipimo vya hila. Lakini makemeo hayo yasingalifahamika lau wasikilizaji hawakuwa wakijua tangu awali kipimo kamili ni kipi. Amri ya kupima kwa haki humkuta mtu ana habari ya haki.

Atasema mpinzani kwamba habari hiyo nayo yatokana na dini kongwe zaidi, kwani kabla wamisionari wa Kikatoliki waitwao Mapadre Weupe hawajafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885 wenyeji walikuwa na ibada zao, na hata leo, kando ya Ziwa Katavi, wapitao huweka sadaka shinani pa mkwaju unaosadikiwa kuwa makao ya Katabi, mwindaji wa kale. Nakubali, ila dini hizo zahitilafiana juu ya Mungu, mizimu na akhera, na bado zaafikiana juu ya gunia. Ni vigumu basi kushika kwamba maafikiano hayo yamezaliwa na mambo yale yale zinayohitilafiana. Asili yake ni kuhitajiana kwa watu wanaoishi pamoja.

Wala sisemi kwamba dini haina kazi. Adrian Atiman, aliyetekwa utumwani utotoni akakombolewa na mapadre, alifika Karema mwaka 1889, akawatibu wagonjwa huko hadi uzee wake, akafariki mwaka 1956. Atakayekana kwamba imani ndiyo iliyomtia nguvu atakuwa amemdhulumu. Lakini kusadiki ya ghaibu peke yake si wema. Waliowaua watu wenye ualbino kwa ajili ya viungo vyao walisadiki nguvu zisizoonekana, na mwaka 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda, ambaye kwao ni Kibaoni, alitokwa na machozi Bungeni akiyazungumzia mauaji hayo. Tukisema imani ile ni potofu, kama tupaswavyo kusema, tumekwisha kuihukumu kwa kipimo kisichotokana nayo, nacho ni utu.

Kwa hiyo akhlaki haikuumbwa na dini, bali dini huipa shahidi mahali pasipo na mpimaji wala hakimu. Mashehe, mapadre na walimu wetu na wawafundishe vijana kwanza kwamba dhulma ni ovu kwa kuwa yamuumiza mwenzao, ndipo wawaambie kwamba Mungu naye ameikataza.