Nguzo ya ploti yenu ina ufa? Jua 'bandeji' ya kaboni inasaidia wapi na wapi haisaidii

Umetoka keja asubuhi, ukacheki nguzo ya chini imepasuka. Kesho yake landilodi ameleta fundi, akapiga plasta na rangi. Imeisha hiyo? Zii. Ufa umefichwa, haujatibiwa.

Dawa moja ya ukweli ni kuivisha konkriti vitambaa vya nyuzi za kaboni au glasi vilivyoloweshwa gundi ya epoksi. Vikikauka vinakuwa ganda gumu, jembamba, lisiloshika kutu.

Inafanya kazi aje?

Nguzo ikilemewa na mzigo hufura pembeni, ndipo inapasuka. Kitambaa kinaibana isifure, kama mama anavyojikaza leso kiunoni kabla ya kuinua gunia. Nguzo ya mviringo ndiyo hufaidi zaidi. Ya pembe nne lazima kona zake zisagwe ziwe duara, la sivyo zitakata nyuzi.

Boriti nayo hubandikwa mikanda upande wa chini, kwa sababu huko ndiko konkriti inavutwa, na ikivutwa haina nguvu.

Si stori za jaba. Kule Uswisi, mafundi waliokuwa wakiweka taa za trafiki kwenye daraja la Ibach, Lucerne, walitoboa wakaharibu nyaya za chuma zilizolishikilia. Mwaka wa 1991 lilikarabatiwa kwa mikanda ya kaboni ya kilo 6.2 pekee. Kwa chuma, zingehitajika kilo 175!

Lakini usidanganywe

Kwanza, kama vyuma vya ndani vimeliwa na kutu, konkriti mbovu ing'olewe na kutu isuguliwe kabla ya kufunga chochote. Ukifunga juu ya uozo, umefunga kidonda na usaha wake.

Pili, epoksi hulegea ikipata joto kali. Bila kinga ya moto, jengo likiwaka usiitegemee.

Tatu, haiokoi msingi unaozama, wala ghorofa zilizoongezwa bila hesabu ya injinia.

Kwa hivyo landilodi akikuambia "tumerekebisha", muulize maswali mawili: ni injinia gani alikagua, na ufa ulisababishwa na nini? Akikosa jibu, ripoti kwa kaunti. Na ukiona ufa unazidi kupanuka, milango inakwama ghafla au nguzo inatoa mlio, usingoje mwisho wa mwezi. Chukua watoto, amsha majirani, tokeni. Sofa utanunua ingine, maisha hayana spea.