Neno la Udhaifu katika Kiingereza

Katika maneno ya Kiingereza yanenayo unyonge wa mwili liko moja, "feeble", ambalo wengi wetu hulifasiri "dhaifu" tukapita. Lakini neno hili limetembea safari ndefu, na mwisho wa safari yake uliwagusa watu, si kamusi tu.

Asili yake ni Kilatini. Warumi walikuwa na kitendo "flere", maana yake kulia machozi, na humo walipata sifa "flebilis", yaani astahiliye kuliliwa. Katika vinywa vya Wafaransa wa kale neno likafupika, likawa "feble", nayo maana ikageuka: aliyekuwa wa kuliliwa akawa asiye na nguvu. Wanormani waliishinda Uingereza mwaka 1066, na lugha yao ikatawala mabaraza ya wakubwa. Hata ilipokaribia mwaka 1200 Waingereza walikuwa wamekwisha kulifanya neno kuwa lao. Walimwita hivyo mzee aliyelegea magoti na mgonjwa asiyeweza kuinuka. Ndugu yake ni "foible", lililoingia katika karne ya 17 likiwa jina la sehemu dhaifu ya upanga, toka katikati hata nchani; siku hizi ni kasoro ndogo ya tabia.

Baadaye neno la mwili likapandishwa kichwani. Waingereza wakasema "feeble-minded", yaani dhaifu wa akili, na mwaka 1913 Bunge lao likaliandika katika sheria ya wenye upungufu wa akili. Sheria ile iliwagawa watu mafungu manne, na fungu moja likaitwa kwa jina hilo. Fungu jingine liliitwa "imbecile", nalo pia katika Kilatini lilikuwa neno la mwili usio na nguvu. Mwanamke aliyehesabiwa kuwa na upungufu huo, akizaa nje ya ndoa huku akipokea msaada wa maskini, aliweza kupelekwa kufungiwa katika nyumba ya uangalizi. Wako waliokaa humo miaka mingi. Sheria ile ilifutwa kwa sheria nyingine ya mwaka 1959.

Tazameni basi: neno lililoanza kwa kumtaka mtazamaji alie, likaishia kumfungia mlango yule aliyepaswa kuliliwa.

Sisi nasi tunalo "dhaifu", tulilolipokea kwa Waarabu. Kwetu mtu hujiita mwenyewe "mja dhaifu" mbele ya Mungu wake, kwa unyenyekevu, wala haoni aibu. Hapo ndipo twaona tofauti iliyo kubwa. Neno ambalo mtu hujivika mwenyewe humkumbusha ubinadamu wake. Neno lile lile akivikwa na wenye mamlaka laweza kumwondolea uhuru. Kwa hiyo tupimapo maneno ya kuwaita wanyonge, tusiangalie maana peke yake, tuangalie pia ni nani asemaye, na amwambia nani. Wazee wetu walikwisha kutuonya: hujafa, hujaumbika.